Wimbo Mrefu wa Upande wa Pili

Niliamini, tena bila kutikisika, kwamba huko Ulaya kuna bendi iliyoanza kupiga wimbo mmoja kabla mimi sijazaliwa na mpaka leo haijaumaliza. Wako uwanjani, wanapiga. Wake zao wanawaletea chakula palepale, mpiga gitaa anatafuna huku vidole vinaendelea na kazi, na mpiga ngoma akisinzia anafinywa na mwenzake. Ushahidi ulikuwepo. Kwenye kava la kanda walikuwa na nywele zilizowafika kifuani, wanaume wazima na ndevu zao. Kaka yangu aliniambia wana nywele vile kwa sababu hawajapata nafasi ya kwenda kwa kinyozi. Mtoto wa kijijini Sapiwi angebisha nini hapo?

Kanda yenyewe ilifika nyumbani kwetu kihalali. Kulikuwa na mtaalamu wa visima, mzungu mrefu kama mlingoti wa shule, aliyepiga kambi jirani na kwetu akitafuta maji ardhini. Kaka alikuwa akimfulia nguo na kumwoshea gari. Maji yalipatikana, lakini yalikuwa ya chumvi kiasi kwamba ng'ombe walikunywa huku wakitutazama kwa lawama, na mzungu akafunga mizigo. Alimwachia kaka redio kaseti kubwa kama sanduku la bibi harusi, na kanda moja tu.

Upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo nne. Upande wa pili ulikuwa na wimbo mmoja. Mmoja, upande mzima. Unaanza na kinanda peke yake, taratibu, kama mtu anayetafuta kandambili zake chini ya kitanda. Gitaa linaingia. Ngoma zinaingia. Halafu vyote vinakimbizana, vinagombana, vinanuniana, vinapatana tena. Mwimbaji anaimba kidogo mwanzoni kisha anatoweka, unadhani amefukuzwa. Nina hakika niliwahi kupeleka ng'ombe mtoni, wakanywa, wakashiba, nikawarudisha zizini, na wimbo ule ukawa bado unaendelea. Asiyeamini na asiamini.

Kule mwisho kabisa mwimbaji anarudi. Sauti yake inapanda, inapanda, unaona kabisa kuna neno limemkaa kooni anataka kulitoa, na hapo hapo kitufe cha redio kinaruka: tak! Kanda imeisha. Wimbo haujaisha.

"Kaka, mbona hawajamaliza?"

"Watamalizaje wakati wenzao hawajaacha?"

Jibu hilo lilinitosha kabisa. Kwetu, pamba ikishauzwa na watu wakiwa na nafasi, ngoma zinashindana. Wagika upande huu wa uwanja, Wagalu upande ule, kila kundi na manju wake, yaani mwimbishaji mkuu, na dawa zake na vituko vyake, na wote wanapiga kwa wakati mmoja. Hakuna kupokezana. Watu wanasimama katikati, na mshindi ni yule aliyewavuta wengi. Sasa fikiria: ukinyamaza wewe kwanza, hata kwa kupumua tu, watazamaji wako wanageuza shingo, na wakishageuza shingo miguu inafuata. Kwa hiyo hakuna anayenyamaza. Niliwahi kuona manju akiimba huku ameumwa na nyoka wake mwenyewe wa kuchezea. Aliimba mpaka alipohakikisha upande wa pili umeanza kukusanya vitu vyake, ndipo akaanguka kistaarabu.

Kwa akili hiyo, nani apige muziki mrefu namna ile kama hashindani? Ilikuwa wazi kwamba ng'ambo ya ule uwanja wa Ulaya kuna kundi jingine, hatulisikii kwa sababu kinasa sauti kilielekezwa kwetu, na wote wamekataa kuacha. Mtu wa Dar asingeweza kukosea hivi. Angekosea vingine.

"Nani anaongoza?" nilimuuliza kaka.

Alilaza sikio lake kwenye spika. Kanda ile ilikuwa imechakaa, ilikuwa na mvumo wa chini chini, shhhh, kama mvua ya mbali.

"Wetu," akasema. "Sikia watu walivyojaa."

Nikasikia. Walikuwa wengi ajabu.

Siku hiyo tulikula kiapo, tumekaa juu ya magunia ya michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa. Bendi ikimaliza, na habari zikimfikia mmoja wetu, asisikilize mwisho peke yake. Amtafute mwenzake popote alipo. Kaka alikuwa kijana aliyeanza kunyoa ndevu, mimi nilikuwa bado naogopa bata mzinga, lakini aliniapia kwa uzito uleule ambao angemwapia mzee mwenzake. Hilo sijalisahau. Watu wengi wamenipa vitu maishani. Wachache walinipa uzito.

Ile kanda haikuishi sana baada ya hapo. Redio iliila msimu mmoja mtama ukianza kukomaa, ikautoa utepe wote nje kama utumbo, na tulipojaribu kuurudisha kwa kuzungusha na kijiti cha kalamu ukawa umejikunja vibaya. Mimi nililia kilio kilichosikika Lalago. Mama alisubiri ninyamaze, akauchukua ule utepe, akaenda kuutandaza shambani juu ya mtama, kutoka mti hadi mti, kufukuza kwelea kwelea. Ukipigwa na upepo, utepe wa kanda unavuma. Unatoa sauti nyembamba inayotetemeka, na ndege hawaipendi.

Tulipelekwa kulinda mtama. Upepo ukaja kutoka ziwani, utepe wote ukaanza kuvuma kwa pamoja, shamba zima. Kaka akainua kidole.

"Mdogo wangu, sikia. Bado wanapiga."

Nimesikia muziki mwingi tangu hapo. Nimekaa mbele ya spika za harusi zinazohamisha figo. Lakini nikiambiwa nichague kurudi mahali pamoja tu, nitarudi kwenye ule mtama, kaka amesimama na kombeo mkononi, ndege wameenda kwa majirani, na juu yetu wimbo unavuma.

Halafu tulikua, kama watu wanavyofanya. Kaka alipata kazi kiwanda cha kuchambua pamba, kwenye mashine zenyewe, akadumu huko mpaka mvi. Mimi nilibaki na ng'ombe, baadaye nikawa mbeba magunia, na ukubwani nikajiandikisha masomo ya jioni. Wenzangu darasani walikuwa na sababu za maana. Yuko aliyetaka kuwa mtendaji wa kijiji, yuko aliyetaka kumwandikia mchumba bila kupitia kwa jirani. Mimi nilikwenda kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu: nilitaka Kiingereza cha kuelewa yale maneno machache ya mwanzo wa ule wimbo, ambayo nilikuwa nimeyashika kwa sauti tu, kama kasuku. Nilisoma kwa bidii iliyowatisha walimu. Nikafika siku nikayaelewa yote, neno moja moja. Yalikuwa yanahusu mto, ngazi, na mfalme aliyesahau viatu. Nikampelekea mwalimu wa Kiingereza aniambie maana yake.

Aliyasoma, akayasoma tena.

"Bwana mkubwa," akasema, "hapa umefaulu. Hata Mwingereza anaishia hapo hapo ulipoishia."

Basi nikachukua cheti changu cha kidato cha nne, nikapata ukarani wa mizani ya pamba Kasoli, na hapo ndipo ule wimbo uliponikuta tena.

Nilikuwa napima huku nikiimba puani. Mzee mmoja aliyeleta pamba yake, mstaafu, aliyekuwa bwana mifugo wa kule Lalago, aliweka mkono juu ya gunia.

"Rudia hapo."

"Kilo zako ziko sawa, mzee."

"Sijasema kilo. Rudia hapo ulipokuwa unaimba."

Nikarudia. Akatabasamu taratibu, meno yakijitokeza moja baada ya jingine.

"Huo ni upande wa pili," akasema.

Kumbe alipokuwa chuo cha mifugo alikuwa na mkufunzi mwenye santuri zote za bendi ile, na kila Jumamosi walikuwa wakikaa kusikiliza mpaka umeme ukatike. Foleni ya pamba ilisimama, wakulima wakaanza kupiga kelele, na sisi wawili tumesimama pale tunaimbiana gitaa kwa midomo. Jua halijazama, bwana mifugo akawa ameshafungua kundi la simu la wapenzi wa bendi hiyo mkoa mzima wa Simiyu. Tulikuwa umati mkubwa, karibu watu kumi na mmoja, watatu kati yao hawajawahi kuandika kitu na mmoja aliingia akidhani ni kundi la mnada wa ng'ombe. Huyo alibaki. Anasema kuna utulivu.

Kila Jumapili mchana mmoja wetu analeta wimbo anaoupenda na kueleza kwa nini. Majina ya Kiingereza hatuyahangaikii, nyimbo tumezipa majina yetu. Kuna wa Trekta, kwa sababu unaanza kwa kukohoa mara nyingi kabla haujawaka. Kuna wa Mama Mkwe, unaoaga mlangoni halafu unarudi ndani kukaa. Kuna wa Filimbi. Bwana mifugo ni mtu wa Trekta. Anasema aliusikiliza kwenye gari la idara siku aliyoambiwa amepata mtoto wa kwanza, akaendesha mpaka ulipoisha kwanza ndipo akageuza gari kwenda hospitali, na mke wake hajawahi kuusikia wimbo ule bila kuondoka chumbani.

Wa Filimbi ni wa mama mmoja wa hapa Bariadi mjini, anayekodisha viti, mahema na spika za sherehe. Alituma ujumbe wa sauti.

"Marehemu mume wangu alikuwa hajui kucheza muziki wowote. Harusini kwetu alinikanyaga mpaka ukucha ukang'oka. Huu ndio wimbo pekee ambao hakuna anayeweza kuucheza. Kwa hiyo ukipigwa tulikuwa tunakaa tu, sawa kwa sawa, mimi na yeye. Ndiyo sababu."

Kundi zima liliweka maua. Hata wa mnada aliweka ua.

Ilipofika zamu yangu nikaandika habari ya upande wa pili. Nikaeleza kanda, mtama, kiapo, na lile tak! linalomkata mwimbaji kabla ya neno lake. Nikaeleza pia kwamba, kwa taarifa nilizonazo, bendi bado iko uwanjani. Hapa naomba nisichekwe. Mtu mzima nilijua kwa kichwa kwamba hakuna binadamu anayepiga gitaa miaka yote hiyo bila kwenda msalani. Lakini hakuna aliyewahi kukaa chini akaniambia, bwana wewe, si kweli. Jambo la utotoni lisilokanushwa linakaa ndani kama mgeni ambaye hakuna aliyemuuliza anaondoka lini. Unamzoea. Unampikia.

Bwana mifugo akajibu: "Kwani hujawahi kuusikia mwisho?"

"Sijawahi."

Haikupita dakika, wimbo ukaingia kwenye simu yangu. Mzima. Kumbe alikuwa nao muda wote, yeye na dunia nzima, mimi tu ndiye niliyekuwa nimesimama kwenye lile tak.

"Halafu unaisha hivi," akaanza kuandika.

Mama wa spika akamrukia: "We mzee, ishia hapo! Mwenzio ana kiapo na kaka yake. Muache."

Sikuufungua. Niliuona pale kwenye simu, umekaa kimya. Nikampigia kaka.

Kaka alikuwa ameshaacha kazi ya kiwanda na kuhamia Lamadi, kwao mke wake, ambaye anafanya biashara ya dagaa na sangara wa kukaanga. Si mbali. Barabara ni ya lami, unafika kabla kiu haijakushika. Lakini tulikuwa hatujaonana kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kwa watu wa tumbo moja. Akapokea.

"Kaka, shikamoo! Nimeupata! Upande wa pili, wote, mpaka mwisho!"

"Marahaba. Hatujambo. Ongea na shemeji yako."

Simu ikahamia kwa shemeji. Nikasema labda ana kazi. Nikapiga wiki iliyofuata. "Hatujambo, ongea na shemeji yako." Nikapiga tena, nikamwambia naweza kuja Jumapili, nikamkumbusha magunia ya michembe, nikamwimbia kabisa ule mwanzo wa kinanda, ti-ti-tiiii, mbele ya wateja wa duka la pembejeo walioniona kama nimerukwa. Kimya. Kisha: "Sawa sawa. Ongea na shemeji yako."

Iliniuma. Nasema ukweli, iliniuma kuliko ninavyopenda kuonyesha. Nilianza kujiambia kwamba kaka amekuwa mtu wa maana zake, kwamba kiapo cha magunia ya michembe alikuwa amekitupa siku ileile na mimi peke yangu ndiye niliyekitunza miaka yote kama mjinga. Jioni moja nilikaa na simu, nikasema basi, nausikiliza mwenyewe. Nikaweka kidole. Ukaanza, kile kinanda, yule mtu wa kandambili. Nikazima. Sikuweza. Bila yeye ulikuwa kelele tu.

Shemeji ndiye aliyepiga safari hii, tukasalimiana Kisukuma.

"Shemeji, mwadila."

"Mwadila, shemeji."

"Nakwambia kitu, na usimwambie kwamba nimekwambia. Kaka yako hasikii."

"Hasikii nini?"

"Hasikii. Masikio. Zile mashine za pamba zimeyamaliza. Mimi ananiangalia mdomo ndiyo anajibu. Kwenye simu anaona jina lako limetokea, anafurahi mpaka anasimama, anaweka sikioni, hapati kitu, ananipa mimi. Baadaye ananiuliza ulisema nini. Nikimwambia ni habari ya wimbo, anatoka nje kwenda kuangalia mbuzi. Hatuna mbuzi wa kuangalia namna hiyo, shemeji. Wako wawili."

"Hasikii kabisa?"

"Mlio mzito bado anaupata. Lori likipita anajua. Ngoma kubwa anajua. Ila daktari alisema hata hiyo itaondoka. Ukitaka kuja, njoo. Usingoje msimu uishe."

Nilikaa chini pale pale mizanini. Nilikuwa nimemnunia mtu ambaye alikuwa anasimama kila nikimpigia.

Nikaliweka jambo kwenye kundi. Sikupamba, niliandika mistari miwili tu, na kwangu mistari miwili ni kama kukaa bubu. Bwana mifugo akauliza mlio mzito anaupata kwa kiasi gani, kana kwamba anachunguza ng'ombe. Mama wa spika hakuuliza.

"Kesho sina sherehe," akaandika. "Njoo uchukue lile kubwa."

Lile kubwa ni spika la mlio mzito, jeusi, refu kunifika begani, linalohitaji wanaume wanne na dua. Likipigwa mjini Bariadi, kuku wa Meatu wanaacha kutaga. Tulilifunga nyuma ya gari dogo la mizigo ambalo mama yule hubebea viti vyake, akanipa dereva, akanipa jenereta, akalifunga na shuka ili vumbi lisiliingie, nikimaanisha spika. Mimi vumbi liliniingia lote. Alipomaliza kukaza kamba aligonga spika kwa kiganja.

"Mkalishe sawa kwa sawa," akasema. "Asikae mbali."

Kaka alikuwa uani anatengeneza mguu wa kigoda tulipoingia. Hakugeuka kwa kelele za gari. Aligeuka pale ardhi ilipotikisika kidogo, akaniona, akainuka. Amepungua mwili, ila meno ni yaleyale. Alinitazama kuanzia chini hadi juu.

"Umenenepa," akapaza sauti, maana sasa anapaza bila kujua. "Umekuwa kama pamba iliyomwagiwa maji kabla ya mizani!"

"Shikamoo kaka."

Akautazama mdomo wangu. "Marahaba." Kisha akaliona spika, na uso ukafunga. Akamgeukia mke wake. "Umemwambia."

Shemeji alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua dagaa, kokoto huku, dagaa huku. "Nimemwambia. Nipige basi."

Kaka akakaa. Nami nikakaa mbele yake, nikahakikisha ananiona mdomo, nikamuuliza taratibu kwa nini hakusema.

"Niseme nini?" akasema. "Nije kukaa mbele ya redio nimtazame mdogo wangu anavyosikia? Kwa jinsi ulivyousubiri? Nikaona bora ufikiri nina kiburi. Kiburi kinazoeleka."

Nikasimama nikawaambia akina dereva tushushe spika.

Tuliliweka uani, tukawasha jenereta mbali nyuma ya nyumba. Nikamvutia kaka kigoda chake karibu, nikakishika kiganja chake cha kulia, kikubwa, kigumu kama kwato, nikakilaza kwenye uso wa spika. Mimi nikaweka changu kando yake. Nikabonyeza simu.

Kinanda kikaanza. Kaka alinitazama, akatikisa kichwa. Hakuna kitu. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye goti lake, ti, ti, tiii, yule mtu wa kandambili. Gitaa likaingia, akatikisa kichwa tena, na niliona anavyoanza kujuta kukubali. Kisha ngoma. Kisha lile gitaa zito la chini. Kiganja chake kikashtuka kama kimegusa jiko.

"Wamekuja," akasema.

Hatukusogea tena. Majirani walikuja kuchungulia, wakaona wanaume wawili wameshika spika kama wanaapisha mtu, wakarudi. Mahali muziki unapogombana, kaka aligombana nao kwa mabega. Mahali unaponyamaza, aliinua nyusi kuniuliza, nami nikaonyesha kwa mkono: subiri, wananuniana. Alikuwa anaukumbuka. Alikuwa mbele yangu. Kabla ngoma hazijarudi alikuwa ameshaanza kuzipiga kwa mguu, na zikarudi chini ya mguu wake. Nilimtazama usoni nikaona ule utepe wote unavuma juu ya mtama.

Tukafika kwenye tak. Mwimbaji amerudi, sauti inapanda, na mimi nimebana pumzi. Kaka naye aliinua mkono wake wa kushoto hewani, tayari, kama mtu anayesubiri mlango ufungwe. Haukufungwa. Mkono wake ukabaki juu.

"Imekata?"

"Haijakata! Inaendelea!"

"Anasema nini? Lile neno. Anasema nini?"

Nikasikiliza kwa elimu yangu yote ya jioni. Nikamgeukia.

"Amesema aaaa."

"Eh?"

"Aaaa. Hakuna neno, kaka. Amefungua mdomo tu."

Kaka alicheka mpaka kigoda alichokuwa anakitengeneza kikamsaliti. Akakaa chini vumbini, akiwa bado anacheka, kiganja hakijaliachia spika. "Mpumbavu sana huyu," akasema, anafuta macho. "Miaka yote ile! Nilijua kuna jina la mtu."

Baada ya hapo wimbo uliendelea, wote kwa pamoja sasa, wanazunguka kitu kilekile, tena na tena, mwimbaji na aaaa yake, na sauti ikaanza kupungua. Kidogo. Halafu kidogo tena. Hawakuacha, hakuna aliyekosea, walikuwa wanapiga kwa nguvu zilezile lakini kwa mbali, kama ngoma inayohamia kijiji cha pili. Kaka alikunja uso.

"Wameacha," akasema.

"Bado."

"Kimya hapa."

"Bado, kaka! Nawasikia!" Nikalaza sikio langu lote kwenye kitambaa cha spika, kiganja changu juu ya chake. Walikuwepo. Wadogo kama sisimizi, lakini walikuwepo, wanapiga, wanapiga, mpaka nikawa siwezi kusema ni wao au ni jenereta au ni damu yangu. Nikainua kichwa, machozi yananitoka bila aibu. "Ulisema kweli! Hawakumaliza! Wamekwenda nao! Wanaupiga mpaka leo, kaka, ni sisi tu tumebaki nyuma!"

Alikuwa ameniangalia mdomo neno kwa neno. Akamtazama mke wake.

Shemeji alitupa kokoto pembeni.

"Hapana, shemeji," akasema. "Hata sisi kwaya tuliporekodi Mwanza tulifanyiwa hivyo hivyo. Mkishamaliza kuimba, fundi anashusha sauti kidogo kidogo kwenye mashine yake ili wimbo usikatike vibaya. Wale waliacha kupiga siku ileile, wakaenda kula."